Shaba ya Lualaba na Shaba ya Andes: Lugha, Utamaduni na Mazingira katika Miji ya Migodi

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Kolwezi anayeanza kusoma habari za nchi zisemazo Kihispania aghalabu hudhani kuwa anasoma mambo ya mbali: lugha iliyotoka Ulaya, milima yenye theluji, majangwa na misitu ya Amerika ya Kusini. Lakini akifika kwenye sura za Chile, Peru na Bolivia, hukutana na mambo anayoyafahamu tangu utoto wake. Hukuta shimo kubwa kando ya mji, nyumba za kampuni zilizopangwa kwa safu, king'ora cha kubadilishana zamu, mto uliochafuliwa na mabaki ya kiwanda, na watu wa asili mbalimbali waliolazimika kupata lugha moja ya kuelewana kazini.

Makala haya yanalinganisha historia ya ukanda wa shaba wa Lualaba na ile ya miji ya migodi ya Andes. Hoja yake kuu ni kwamba uchimbaji, huku na huko, haukubadilisha ardhi peke yake. Ulibadilisha pia maneno ambayo kwayo watu huitaja ardhi hiyo na kazi waifanyayo juu yake. Ardhi ikishachimbuliwa, maneno hayo hubaki kuwa ushahidi ulio mikononi mwa wenyeji wenyewe. Kwa sababu hiyo, suala la mazingira mjini Kolwezi ni suala la wanafunzi wa lugha pia.

2. Shaba kabla ya kampuni

Jules Cornet, mwanajiolojia Mbelgiji, alipofika Katanga mwaka 1892 pamoja na msafara wa Bia na Francqui, hakuvumbua shaba. Wenyeji walikuwa wakichimba mashimo yake tangu zamani, likiwemo lile la Dikuluwe, katika eneo la Kolwezi ya leo. Ukale wa kazi hiyo ulithibitishwa baadaye na wanaakiolojia. Kuanzia mwaka 1957, Jacques Nenquin alifukua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba, na humo zilipatikana mali nyingi za shaba. Katika makaburi ya karne za baadaye imo pia misalaba midogo ya shaba, ambayo ilitumika kama fedha. Alama ya misalaba hiyo iliheshimika kiasi kwamba mwaka 1960 mitatu iliwekwa katika bendera ya Katanga iliyojitenga.

Jean-Félix de Hemptinne, mmisionari Mbenediktini, aliandika habari za mafundi hao katika makala yake ya mwaka 1926, akiwaita «walaji wa shaba», yaani watu waliopata riziki yao kwa shaba. Jambo la kuzingatiwa katika habari hizo ni kalenda ya kazi. Uchimbaji ulianza mtama ukishavunwa, wakati wa kiangazi, ukakoma mvua zilipokaribia. Wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani ya malakiti juu ya ardhi. Wanaume waliteremka mashimoni. Tanuri zilijengwa kwa udongo wa kichuguu, moto ukachochewa kwa mivukuto na makaa ya miti, na kazi yote ilifuatana na dawa na miiko iliyosimamiwa na mabingwa. Basi shamba ndilo lililoupangia mgodi wakati wake.

Mimea nayo ilikuwa kitabu cha mchimbaji. Katika misitu ya miombo ya Katanga, vilima vyenye shaba nyingi havioti miti. Huota majani mafupi na maua machache yanayostahimili sumu ya madini. Mojawapo ni Haumaniastrum katangense, liitwalo na wengi «ua la shaba». Aliyejua kulisoma ua hilo alijua yaliyomo chini yake.

Upande wa pili wa dunia, katika jangwa la Atacama, mambo hayakuwa tofauti sana. Mwaka 1899, huko Chuquicamata, ulipatikana mwili wa mchimbaji wa kale aliyefukiwa na shimo lake pamoja na zana zake, mwili wenyewe ukiwa umegeuka kijani kwa chumvi za shaba. Wataalamu wanakadiria kwamba alikufa yapata mwaka 550, karibu miaka elfu moja kabla ya Wahispania kufika. Mwili huo ulipelekwa New York, na umehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko. Wachimbaji wa Andes, kama wale wa Dikuluwe, walikuwa watu wa jamii za wakulima na wafugaji, na mpaka leo wengi katika milima hiyo humtolea sadaka Pachamama, Mama Ardhi. Katika migodi ya Bolivia wachimbaji humpa tumbaku na pombe yule wamwitaye «el Tío», yaani Mjomba, mwenye mali ya chini ya ardhi. Kwa imani hiyo, madini yana mwenyewe, na hayachukuliwi bure.

3. Zamu, kazi na mposho

Historia ya neno moja la Kikechua yaonyesha jinsi uhusiano huo ulivyovunjika. Neno hilo ni «mita», lenye maana ya zamu. Katika dola ya Inka lilitaja zamu ya kila jamii kufanya kazi za dola: barabara, mifereji, mashamba. Mlima wa fedha wa Potosí ulipoanza kuchimbwa na Wahispania mwaka 1545, watu wa kuteremka mashimoni walihitajika kwa wingi. Katika miaka ya 1570 mtawala Francisco de Toledo alilichukua neno lile lile akaliita kwalo agizo la kulazimisha vijiji vya mbali kupeleka wanaume Potosí. Neno halikubadilika hata herufi moja, ila maana yake iligeuka kuwa balaa. Sheria ya kulifuta agizo hilo haikupitishwa mpaka mwaka 1812.

Katanga nayo ina maneno ya namna hiyo. Kiswahili kilikuwa kimefika huko katika karne ya 19 kwa njia ya biashara, hasa wakati wa utawala wa M'siri, aliyetoka Unyamwezi na kujenga makao yake Bunkeya, na ambaye aliuawa mwezi wa Desemba 1891 na msafara wa Stairs. Baada ya Union Minière kuundwa mwaka 1906, wafanyakazi walitafutwa kwanza upande wa Rhodesia ya Kaskazini, na baadaye Kasai, Lomami na Ruanda-Urundi. Katika makambi hayo Kiswahili kilikuwa lugha ya amri, ya shule na ya kanisa, lakini upesi kikawa pia lugha ya nyumbani. Watoto walizaliwa ndani yake, wakaichanganya na maneno ya Kiluba, Kibemba na Kifaransa, wakapata lugha yao wenyewe. Kolwezi, iliyoanzishwa mwaka 1937 kuwa makao ya migodi ya magharibi, ilikua katika lugha hiyo.

Humo neno «kazi» lilipata maana finyu. Mwenye kazi alikuwa yule aliyeandikwa na kampuni. Mama aliyelima tangu alfajiri hakuhesabiwa kuwa na kazi. Chakula nacho kikapata jina la «mposho», yaani kipimo cha unga, maharagwe na mafuta kilichogawiwa na kampuni. Kalenda ya mtama ikasahauliwa, kwa maana tumbo halikungojea tena mvua bali siku ya mgao. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameeleza kwa kina jinsi kampuni ilivyochukua nafasi ya baba katika jamaa za wafanyakazi. Kitabu chake cha mwaka 2001 kinawataja «Bana Shaba», wana wa Shaba, walioachwa na baba yao.

Hata hivyo, lugha hiyo ya kambi haikubaki kuwa mali ya kampuni. Mwaka 1953, huko Ruwe karibu na Kolwezi, padri Placide Tempels na wafanyakazi wa mgodini walianzisha Jamaa. Mafundisho ya Jamaa yalijengwa juu ya maneno matatu ya Kiswahili: uzima, uzazi na mapendo. Watu walioitwa kwa namba mgodini walitumia lugha ile ile waliyoamriwa kwayo ili kujiuliza maana ya kuwa mtu. Pia mwaka 1965 mtu wa Lubumbashi aitwaye André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji huo kama ilivyojulikana na watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990, na leo ni hazina ya wote wanaosoma Kiswahili cha Kongo.

4. Umoja wa mwaka 1967

Kuna wakati ambapo nchi hizi zilikutana waziwazi. Januari 1967 serikali ya Kongo iliitwaa Union Minière. Katika mwaka huo huo, kule Lusaka, Chile, Peru, Zambia na Kongo ziliunda baraza la nchi zinazouza shaba, lijulikanalo kwa kifupi CIPEC. Chile ilitaifisha migodi yake mikubwa mwaka 1971, na Peru ikaitwaa kampuni ya Cerro de Pasco mwanzoni mwa 1974. Ilitumainiwa kwamba wenye shaba, wakishikamana, wangeweza kupanga bei yake.

Tumaini hilo halikutimia. Bei ilipoanguka baada ya Aprili 1974, baraza lilikubali kupunguza mauzo, lakini bei haikupanda. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 CIPEC ilikuwa imekwisha. Katika ulinganisho huu, jambo moja lapasa kutiwa maanani: mazungumzo ya baraza yalihusu bei na tani. Mito, moshi na makaburi havikuwa hoja kuu. Mgodi ulibadili mwenyewe, lakini haukubadili desturi zake.

Baada ya hapo Kolwezi iliona vita vya Mei 1978, kisha kuporomoka kwa mgodi wa Kamoto mwaka 1990. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilitoa chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Mwaka 2003 wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa mpango uliosimamiwa na Benki ya Dunia. Mposho ulikwisha; mashimo yalibaki.

5. Mgodi unapoula mji

Nchini Peru, mji wa Cerro de Pasco, ulio zaidi ya mita 4,300 juu ya usawa wa bahari, ulifunguliwa shimo katikati yake mwaka 1956. Shimo hilo likala mitaa ya kale, hata mwaka 2008 bunge likapitisha sheria ya kuuhamisha mji. Miaka ilipita baada ya sheria hiyo, na watu waliendelea kuishi ukingoni mwa shimo, watoto wao wakipimwa risasi damuni. Nchini Chile, mji wa kampuni wa Chuquicamata ulifungwa mwaka 2007 kwa sababu ya uchafu wa hewa na mahitaji ya mgodi, na wakazi wakahamishiwa Calama. Hospitali yao kubwa ilikuwa imekwisha kufukiwa chini ya kifusi. Walipata nyumba, lakini jirani wa zamani hakuwa tena jirani.

Kolwezi iko katika njia hiyo hiyo. Mtaa wa Kasulo ulianza kuchimbwa mwaka 2014, madini ya kobalti yalipogunduliwa chini ya nyumba. Watu walichimba sebuleni na uani, na mwaka 2017 sehemu ya wakazi ilihamishwa ili eneo lizungushiwe ukuta. Mwaka 2023 mashirika ya kutetea haki za binadamu yalichapisha habari za watu wengine waliohamishwa mjini na kandokando yake, wengi wakilalamika kuwa fidia haikutosha kununua nyumba ya kufanana na ile ya kwanza. Zamani watu walikula shaba. Siku hizi shaba yala mitaa. Maji nayo yana historia yake: Lualaba ulizuiwa kwa bwawa la Nzilo mwaka 1952, na mabonde yaliyozama yalikuwa na majina yake.

Majina yenyewe yasema mengi. Mojawapo ya mashimo makubwa ya Kolwezi huitwa Mashamba. Mgeni husikia jina la mgodi tu. Msemaji wa Kiswahili hawezi kulisikia bila kuwaza mihogo na mahindi. Musonoi, Luilu na Dikuluwe ni majina ya mito na ya mahali kabla ya kuwa majina ya migodi na viwanda. Katika ramani za kampuni majina hayo yamebaki; wanaojua kwa nini mahali paliitwa hivyo ndio wanaopungua.

6. Hitimisho

Ulinganisho huu hauonyeshi kwamba Kolwezi na miji ya Andes ni kitu kimoja. Atacama ni jangwa, Lualaba ina mvua. Kikechua ni lugha ya wenyeji wa kale, Kiswahili cha Katanga ni lugha iliyozaliwa ndani ya kazi yenyewe. Lakini unaonyesha kwamba pale ardhi inapoondolewa, jamii hubaki na yale iliyoyataja kwa lugha yake. Lubumbashi iliona jambo hili mapema. Wachoraji wa mjini, akiwemo Tshibumba Kanda Matulu, walifanya picha za «ukumbusho» katika miaka ya 1970, na tangu mwaka 2000 watafiti wamekuwa wakikusanya kumbukumbu za wakazi wa mji huo.

Kazi kama hiyo yahitajika Kolwezi mtaa kwa mtaa, na yahitajika kabla ya mtaa kuhama. Mwanafunzi wa lugha anaweza kuianza bila fedha nyingi: aandike majina ya vilima na vijito na maelezo ya wazee juu yake, maneno ya kazini, ya mgao na ya zamu, majina ya mimea ya vilima vya shaba, ambayo mingine haioti popote pengine duniani.

Kuanzia mwaka 1971 hadi 1997 jimbo hili liliitwa Shaba, kwa jina la kile kinachotolewa ndani yake. Tangu mwaka 2015 sehemu yake ya magharibi inaitwa Lualaba, kwa jina la mto unaopita ndani yake. Majina yote mawili ni ya kweli. Lakini shaba hutajwa kila siku katika masoko ya London na Shanghai, wala haihitaji mtu wa kuikumbuka. Mto na wakazi wa kandokando yake ndio wanaohitaji mwandishi.