Zawadi za Seyyid Said na Mfuko wa Rais



Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Kwetu sisi, mgeni akipiga hodi na kikapu cha maembe, kukikataa ni kumtukana. Lakini je, mgeni huyo akiwa ni serikali ya nchi ya nje, na mwenyeji akiwa ni rais au waziri, ile bado ni zawadi? Swali hili si geni. Jibu lake moja la zamani linaihusu Zanzibar.

Mwishoni mwa Aprili, 1840, merikebu iitwayo Sultana, mali ya Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, ilitia nanga New York. Mjumbe wake alikuwa Ahmad bin Naaman. Miaka saba kabla, mwaka 1833, Seyyid Said alikuwa amefunga na Marekani mkataba wa biashara, uliowatoza Wamarekani ushuru wa asilimia 5 tu. Nguo zao za pamba zilienea pwani yetu hata zikaitwa marekani, jina ambalo bibi zetu walilijua vizuri. Sasa sultani alikuwa anaushika mkono urafiki huo. Pamoja na shehena ya tende, karafuu, ngozi na pembe za ndovu, alimpelekea Rais Martin Van Buren farasi wawili wa Kiarabu, lulu, shali, zulia, mafuta ya waridi na upanga.

Rais alishukuru, kisha akasema hawezi kuzipokea.

Haikuwa kiburi. Katiba ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1787 inamkataza mwenye madaraka kupokea zawadi ya mfalme au dola ya nje bila ridhaa ya Bunge. Walioiandika walijua kwamba taifa changa na maskini hununuliwa kwa urahisi, na kwamba wafalme wa Ulaya walizoea kuwatunuku mabalozi vijaluba vya almasi.

Lakini kurudisha zawadi nako kungemfedhehesha sultani. Basi Julai 1840 Bunge likapitisha azimio: vinavyohifadhika vihifadhiwe na serikali, vingine viuzwe, na fedha ziingie Hazina. Merikebu ya sultani, iliyochakazwa na safari, ikatengenezwa na jeshi la wanamaji la Marekani kwa gharama ya serikali. Urafiki haukuvunjika, na mfuko wa rais haukuongezeka hata senti moja.

Msikilizaji, hatuwaiti watu wale malaika. Nchi zote mbili zilikuwa za watumwa. Tunachoazima kwao ni utaratibu: zawadi ilipokelewa na taifa, hadharani, kwa uamuzi wa Bunge.

Pale utaratibu unapokosekana tumeona mwisho wake. Mwaka 1973 Valéry Giscard d'Estaing, wakati huo waziri wa fedha wa Ufaransa, alipewa almasi na Jean-Bédel Bokassa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Oktoba 1979, Bokassa akiwa amekwisha kupinduliwa, gazeti la Le Canard enchaîné likaifichua habari hiyo. Giscard, ambaye sasa alikuwa rais, alijitetea kwamba thamani yake ilikuzwa. Haikumsaidia. Kashfa hiyo ilimwandama hadi aliposhindwa uchaguzi wa Mei 1981. Na sisi Waafrika tujiulize: almasi zile zilitoka katika ardhi ya nani?

Hapa Tanzania, Azimio la Arusha la 1967 lilionya kuwa misaada yaweza kuhatarisha uhuru. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 nayo ikaja na masharti kuhusu zawadi. Lakini sheria hufanya kazi pale tu wananchi wanapouliza.

Nami nisijitoe. Nikiwa mwandishi kijana, ubalozi mmoja ulinizawadia saa ya mkononi. Hakuna aliyeniomba kitu. Ila wiki chache baadaye nilipoandika habari isiyoipendeza nchi ile, nilijikuta nikifuta sentensi moja ya kweli. Saa iliharibika zamani. Sentensi ile naikumbuka mpaka leo.

Ikiwa saa moja ilininyamazisha mimi, asiye na hata mhuri wa ofisi, itakuwaje kwa mwenye kalamu ya kutia sahihi mikataba ya migodi na bandari? Kiongozi akirudi kutoka ughaibuni, tumpokee kwa ngoma. Kisha tumwombe afungue sanduku mbele yetu.