Vicente Guerrero, Mwendesha Nyumbu Aliyefuta Utumwa Mexico

Katika mji wa Tixtla, kusini mwa Mexico, alizaliwa mwaka 1782 Vicente Guerrero, ambaye nasaba yake ilichanganya Waafrika, wenyeji wa asili wa nchi ile na Wahispania, na ambaye kwa sababu hiyo sheria za wakoloni zilimweka katika tabaka la watu wasiotazamiwa kushika cheo chochote cha maana. Kazi ya ukoo wao ilikuwa kusafirisha shehena kwa nyumbu, nayo ikamjulisha kila kijia na kila kivuko cha milima ya kusini, maarifa ambayo majeshi ya mfalme wa Hispania, yaliyomwandama miaka mingi, hayakuwa nayo.

Vita vya uhuru vilipozuka mwaka 1810 alijiunga na jeshi la padri José María Morelos. Morelos alipouawa mwaka 1815, majemadari wengi walikubali msamaha wa mfalme wakarejea makwao. Guerrero akabaki vitani. Ndipo liwali wa Hispania alipomtuma baba mzazi wa Guerrero, aliyekuwa upande wa mfalme, aende kumsihi mwanawe aweke silaha chini. Yasimuliwa kwamba Guerrero aliwaita askari wake wasikie jawabu lake: anamheshimu baba yake, lakini nchi ndiyo ya kwanza.

Mwaka 1821 alipatana na Agustín de Iturbide, jemadari yule yule aliyetumwa kumwangamiza, kwa mapatano ya Iguala yaliyowatangaza wakazi wote wa nchi, Wazungu, Waafrika na wenyeji wa asili, kuwa raia sawa. Na kabla ya mwaka kwisha Mexico ilikuwa huru.

Baadaye Guerrero akawa rais, na haifai kuficha kwamba urais huo hakuupata kwa njia iliyo safi. Katika uchaguzi wa 1828 alishindwa na Manuel Gómez Pedraza, wafuasi wake wakashika silaha, soko la Parián katika mji mkuu likaporwa, naye akatawazwa Aprili 1829. Hata hivyo, kwa utawala uliodumu miezi isiyotimia tisa, alitenda jambo ambalo wengi waliodumu miaka hawakuthubutu: tarehe 15 Septemba 1829 alitoa amri ya kufuta utumwa katika Mexico, ijapokuwa Desemba, kwa kulazimishwa na malalamiko ya walowezi wenye mashamba ya pamba, Texas ilitolewa katika amri hiyo.

Mwezi huo huo makamu wake, Anastasio Bustamante, alimwasi, na baadaye Bunge likaamua kwamba Guerrero hana uwezo wa kutawala. Uamuzi huo mimi nauona umejaa dharau ya rangi na asili yake zaidi kuliko haki yoyote ya sheria. Akarudi milimani kupigana. Januari 1831, huko Acapulco, nahodha Francesco Picaluga wa Genoa, aliyemjua na kumwamini, alimkaribisha chakula katika jahazi lake liitwalo Colombo. Mgeni alipokwisha kula alikamatwa, nanga ikang'olewa, akapelekwa hadi Huatulco na kukabidhiwa kwa adui zake. Inasemekana bei ya hiana hiyo ilikuwa peso 50,000. Baraza la kijeshi likamhukumu, naye akapigwa risasi Cuilapam, karibu na Oaxaca, tarehe 14 Februari 1831.

Picaluga alihukumiwa kifo na mahakama ya kwao Genoa pasipo mwenyewe kuwapo. Na mwaka 1849 Mexico ililipa jimbo la milima ile ya kusini jina la Guerrero, ambalo linalo hata leo.