Kasa Wasio na Kitabu: Mchezo wa Video, Hadithi za Vibonzo na Tatizo la Vyanzo katika Historia ya Pwani ya Bagamoyo

Mwaka 1984, nchini Marekani, Kevin Eastman na Peter Laird walichapisha kwa fedha zao wenyewe kitabu cha vibonzo kisicho na rangi, Teenage Mutant Ninja Turtles, chenye kisa cha viumbe wanne wenye magamba waliofunzwa mapigano ya kininja. Nakala za kwanza zilikuwa takribani 3,000 tu. Miaka mitano baadaye, kampuni ya Konami ya Japani iliwageuza wahusika hao kuwa mchezo wa video wa mashine ya Nintendo. Ni mchezo ambao sehemu yake kubwa humwonesha mhusika kwa ubavu, naye huruka kutoka jukwaa hadi jukwaa huku akipambana na maadui. Makala hii inachunguza namna mchezo huo ulivyopokewa Bagamoyo na nini kilipotea njiani. Hoja yake ni kwamba ulifika bila kitabu chake, na kwamba kutengana huko si ajali ya biashara pekee bali ni tukio la kihistoria linalostahili kuelezwa.

Ni lazima kuanza na kifaa. Mchezo wa aina hii hauchezeki bila seti ya televisheni, na Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni hadi 1994, ilhali Zanzibar, iliyo ng'ambo ya maji tu kutoka Bagamoyo, ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vinavyohusiana nazo, kwa hofu ya kupoteza fedha za kigeni kwa mashine ambazo hazikuwa zimeonesha manufaa yaliyotarajiwa. Mlango ulianza kufunguka kwa bajeti ya 1984/85, iliyowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata. Kwa hiyo, mwaka uleule Eastman na Laird walipokuwa wakiuza kitabu chao, hapa nchini ndiyo kwanza ilikuwa ikitengenezwa njia ambayo mashine za mchezo zingepitia baadaye.

Zilizopitia njia hiyo hazikuwa mashine halisi za Nintendo. Zilikuwa nakala kutoka viwanda vya Asia ya Mashariki, ambavyo vilikusanya kazi ya sakiti za Famicom ya 1983 ndani ya chipu moja na kuiuza kwa bei ya chini. Kaseti zake ziliuzwa uchi: kipande cha plastiki chenye karatasi iliyogandishwa juu, na mara nyingi michezo mingi katika kaseti moja. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo kiini cha makala hii. Sanduku la mchezo wa 1989 lililouzwa Marekani lilibeba mchoro wa jalada la kitabu cha vibonzo. Wahusika wote wanne walifungwa vitambaa vyekundu usoni, kama walivyokuwa kwenye majalada ya vitabu, ilhali katuni ya televisheni iliyoanza 1987 ilikuwa imempa kila mmoja rangi yake. Sanduku ndilo lililokuwa mahali ambapo kitabu kiliendelea kuonekana waziwazi. Kaseti isiyo na sanduku ilimfikia mchezaji ikiwa imekatwa nasaba.

Hapa nalazimika kuitumia kumbukumbu yangu kama chanzo, pamoja na tahadhari zote zinazopasa. Nilikulia Bagamoyo, na mchezo huu niliujua katika chumba cha mbele cha nyumba moja ya Magomeni, ambako tulilipa sarafu na kusubiri zamu tukiwa tumebanana kwenye mkeka. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba kulikuwa na kitabu. Hatukujua hata majina ya wahusika, tuliwatofautisha kwa silaha zao: mwenye fimbo ndirefu ndiye aliyegombewa, kwa sababu fimbo yake iliwafikia maadui kutoka mbali. Tulilobishania sana ni kama walikuwa kobe au kasa. Kwa Kiingereza neno lililomo kwenye jina la mchezo huweza kuwabeba wote wawili, lakini mtoto wa mvuvi hawezi kuliacha jambo hilo hivihivi, kwani kobe hukaa nchi kavu na kasa hunaswa nyavuni. Wahusika hao walitembea mitaani na kupanda majengo, hivyo upande wa kobe ulikuwa na hoja.

Ubishi huo ulikwisha, kwa maoni ya wengi wetu, tulipofika hatua ya bwawa. Hapo wahusika huingia majini kutegua mabomu manane kabla ya dakika mbili na sekunde ishirini kwisha, na humo majini mna mimea yenye umeme inayomdhuru anayeigusa. Tuliiita mwani. Kwa kuwa waliogelea, wakawa kasa. Lakini kwamba mwani uue kasa lilikuwa jambo la ajabu kwetu: Mlingotini, kusini kidogo ya mji, wanawake hulima mwani na kuuanika juani, na hakuna aliyewahi kuuogopa. Nayataja haya kwa sababu yanaonesha kwamba wachezaji hawakubaki wapokeaji watupu. Palipokosekana kitabu cha kuwaeleza wahusika ni akina nani, bahari ya nyumbani iliziba pengo.

Si kwamba pwani haikuwa na hadithi za vibonzo. Chakubanga wa Christian Gregory alikuwa amekwisha kuwachekesha wasomaji wa gazeti la Uhuru, na jarida la Sani, lililopata jina lake kutokana na waasisi wake Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, lilikuwa limewafanya Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge kuwa watu wa kutajwa vijiweni kana kwamba ni majirani. Philip Ndunguru, aliyefariki 1986, aliacha mkono wake katika wahusika hao. Madenge, mtoto mtundu asiyetulia, angefaa kabisa kuruka majukwaa. Hakuruka, na sababu haikuwa uhaba wa ubunifu: kutengeneza mchezo kulihitaji mashine zilezile zilizokuwa zimekatazwa kwa muda mrefu, pamoja na soko lenye kulinda haki za mtungaji, na vyote viwili vilikosekana.

Kilichotokea badala yake ni mwendo wa kinyume. Baada ya filamu ya Titanic ya 1997 kuenea katika mabanda ya video, Joshua Amandus Mtani aliichora upya kwa Kiswahili kama hadithi ya vibonzo, Mkasa wa Mapenzi Ndani ya Titanic. Mahali pengine kitabu kilizaa skrini. Hapa skrini ilizaa kitabu, kwa sababu kalamu na karatasi ndivyo vilivyokuwa mkononi mwa msanii. Nadhani watafiti wa fasihi pendwa wamekosea wanapozipa kazi za namna hii jina la uigaji na kuishia hapo. Ukizitazama kwa upande wa vifaa, hizo ndizo upokezi wa skrini unaoweza kusomwa leo, kwa kuwa uliandikwa. Upokezi wa michezo ya video haukuandikwa. Hata jaribio lililofuata la Afrika Mashariki na Magharibi kuunganisha vibonzo na mchezo, la kampuni ya Leti iliyoanzishwa 2009 na Wesley Kirinya wa Kenya na Eyram Tawia wa Ghana, liliuelekea ulimwengu wa simu, wakati kaseti zilikuwa zimekwisha kutupwa.

Kutupwa huko ndiko kunakonisumbua kama mtafiti. Toleo la zamani la Sani mtu anaweza kulitafuta maktabani. Kwa kaseti, mtafiti huenda kwa fundi redio. Hewa ya chumvi ya Bagamoyo hula miguu ya shaba ya kaseti, na dawa yake tangu zamani ilikuwa kupuliza, jambo ambalo kwa mate yake liliharakisha kutu, au kusugua kwa ufutio wa shule. Kaseti moja niliyopewa na fundi wa mjini imebanduka karatasi na haina jina. Baada ya kusuguliwa iliwaka, ikaonesha mtaa unaotazamwa kutoka juu na umbo dogo la kijani likitembea katikati ya majengo, kisha picha ikaganda. Nimeiandikia kadi: mahali ilipopatikana, tarehe, hali ya shaba. Penye nafasi ya jina la mhusika nimeandika kasa.