Kutoka Lutindi hata Ndungu: Habari za Vijana Wanaongoja Chuo

Katika kitabu hiki cha yubile mmekwisha kusoma habari za makanisa yaliyojengwa na shule zilizofunguliwa. Twashukuru kwa hayo yote. Lakini tangu Wamisionari wa Leipzig walipofika Shigatini mwaka 1900, hata dayosisi yetu ya Pare ilipozaliwa mwaka 1975, na hata leo, liko kundi ambalo hesabu zetu hazikulitaja sana: vijana wenye ulemavu wa akili.

Habari zao zina asili karibu nasi. Huko Ujerumani, penye mji wa Bielefeld, palifunguliwa mwaka 1867 nyumba ya wenye kifafa, ambayo baadaye iliitwa Bethel. Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh alipoishika mwaka 1872, hakutaka watu wake wakae bure, akampa kila mtu kazi aiwezayo. Watu wa Bethel ndio waliokuja Usambara, kwa jirani zetu. Huko Lutindi yalikuwako makao ya watoto waliokombolewa katika utumwa, yaliyofunguliwa mwaka 1896. Na mwaka 1904 yakafanywa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Nao pia walipewa kazi za mikono.

Hapo yatupasa kupambanua. Ugonjwa wa akili waweza kumpata mtu mzima, akatibiwa. Bali ulemavu wa akili mtu huzaliwa nao, au huupata utotoni. Hakuna dawa ya kuuondoa, ila mafundisho humwongezea mtu uwezo. Zamani wengi hawakupambanua hivyo. Wakawahurumia wote pamoja, wasiwaze kuwafundisha.

Kwa hiyo mafundisho yalikawia. Shule ya vipofu ilifunguliwa Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, na ya viziwi Tabora mwaka 1963. Wenye ulemavu wa akili walingoja hata mwaka 1982. Huko Irente, karibu na Lushoto, watoto wao walifunguliwa shule mwaka 2005. Na mwaka 2007 chuo chenye jina la Askofu Sebastian Kolowa kilianza kazi huko Magamba, kikafundisha walimu wa elimu maalum.

Basi mtoto akapata shule, na mwalimu akapata chuo. Je, mtoto huyo akiisha kuwa kijana? Mara nyingi hurudi nyumbani, akakaa uani, akayasahau aliyofundishwa kwa taabu. Mama yake humtazama akisema moyoni: Siku nitakapokufa, huyu atakaa na nani?

Wako wasemao ya kuwa chuo ni cha wenye vyeti. Lakini huko Marekani sheria ya mwaka 2008 iliwawezesha vijana wa namna hii kupewa msaada wa ada ya chuo, hata wasipokuwa na cheti cha sekondari. Nchi yetu nayo iliridhia mwaka 2009 mapatano ya Umoja wa Mataifa ya haki za watu wenye ulemavu, ikatunga sheria yake mwaka 2010. Mlango umetajwa katika maandiko ya sheria. Kazi iliyobaki ni kuufungua.

Tena twaona Ndungu pana darasa tayari. Mashamba ya mpunga ya kumwagilia, yaliyomalizika mwaka 1990 kwa msaada wa Japani, yana kazi yenye hatua zinazofuatana: kusia mbegu kitaluni, kung'oa miche, kuipanda, kupalilia, kuvuna. Mwalimu mwenye saburi huigawa kazi vipande vidogo, akaonyesha kwa mkono wala si kwa maneno mengi, akarudia vile vile kila siku. Kijana aliyeshindwa na kitabu aweza kuujua mstari wa miche. Kisha na afundishwe kuhesabu fedha, kupika chakula chake, kupanda basi la Same peke yake, na kusema hapana kwa mtu atakaye kumdhulumu. Hicho ndicho chuo tunachokitaka: miaka miwili au mitatu, katikati ya vijana wenziwe, si mafichoni.

Hatuombi kwanza matofali. Twaomba kila usharika uhesabu vijana wake wa namna hii, nyumba kwa nyumba, na mwalimu aandike kila mmoja aweza kufanya nini. Katika yubile kila mtu hurudishiwa fungu lake. Na hao fungu lao bado liko mikononi mwetu.