Msikiti wa Cordoba Majira ya Baridi

Apendaye kuzuru miji ya kale ya Hispania, naye ana hiari ya kuchagua wakati wake, namnasihi aende Cordoba mwezi wa Januari. Kwani kiangazi joto la bonde la Guadalquivir hupita mara nyingi nyuzi 40, na mwezi wa Mei halaiki ya watu huja kutazama nyua za nyumba zilizopambwa maua, hata mgeni aingiapo msikiti mkuu huenda asukumwako, si atakako. Januari michungwa ya uani imezaa, hewa ni baridi ya kustahimilika, na mtu aweza kusimama chini ya nguzo moja kadiri apendavyo. Na jengo hili lahitaji muda, maana halikujengwa na mtu mmoja wala katika zama moja.

Aliyeliasisi, mnamo 785, ni Abdulrahman wa Kwanza, kijana wa Bani Umayya aliyeukimbia upanga wa Bani Abbasi, akapita Maghribi akiwa mtoro mpaka akautwaa mji huu mwaka 756. Nguzo alizitwaa katika majengo ya Kirumi na ya Wavisigothi yaliyomtangulia, na kwa kuwa zilikuwa fupi, mafundi wake walipandisha tao juu ya tao, matofali mekundu yakipokezana na mawe meupe, hata dari ikapata kimo. Kitukuu chake, Abdulrahman wa Pili, akalirefusha kwa upande wa kusini. Na katika karne ya 10 Al-Hakam wa Pili, khalifa aliyetukuka kwa mapenzi ya vitabu, akalirefusha tena, akajenga ile mihrabu ambayo vijiwe vyake vya dhahabu, kama wasimulivyo wanahistoria wa Kiarabu, vililetwa pamoja na fundi wake kutoka kwa Kaisari wa Constantinople.

Wa mwisho ni Al-Mansur, waziri aliyemtia khalifa mfukoni. Alipotaka kuongeza, mnamo 987, kusini kulizuiliwa na mto na magharibi kulikuwa na kasri, basi akapanua mashariki, na ndiyo sababu mihrabu haiko tena katikati. Mwenye nafasi ya kutazama ataona kwamba huku wekundu wa matao si tofali, bali ni rangi iliyopakwa juu ya jiwe. Na mimi naiona humo haraka ya mtu ambaye fahari yake ilikuwa vitani. Mwaka 997 aliivamia Santiago de Compostela, kengele za kanisa zikachukuliwa na mateka Wakristo hadi Cordoba, zikafanywa taa za msikiti. Na Ferdinand wa Tatu alipouteka mji mwaka 1236, aliamuru zirudishwe kwa mabega ya Waislamu.

Tangu hapo msikiti ukawa kanisa. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alipozuru Andalusi miaka kama ishirini baadaye aliishia Granada, kwa kuwa Cordoba ilikuwa imekwisha kutoka katika milki ya Waislamu. Mwaka 1523 makasisi wakaazimia kusimamisha kanisa jipya katikati ya nguzo. Baraza la mji likapinga, hata likawatishia kifo mafundi watakaobomoa, lakini Mfalme Charles wa Tano aliwapa makasisi idhini, na kazi ikaendelea.

Wengi huilaani kazi ile, nami siipendi: kuta zake ndefu zimekata msitu wa nguzo pale palipokuwa na upana wake bora. Lakini atakayetoka hapa akaenda Sevilla hataukuta msikiti mkuu wa huko, kwani ulibomolewa katika karne ya 15 ili kanisa lijengwe, ukabaki mnara na ua. Wa Cordoba, uliotobolewa, bado una nguzo zake zipatazo 850. Misa yasomwa humo hadi leo, na Waislamu hawaruhusiwi kusali.