Nengonengo: Jina, Dawa na Sumu

Nengonengo ni jina la Kisukuma la mti mdogo wa porini wenye maua ya zambarau, ambao wataalamu wa mimea huuita Securidaca longipedunculata. Mizizi yake ikichimbwa hutoa harufu ya dawa ya kuchua. Na si ajabu, kwani mafuta yaliyomo, yaani methili salisileti, ndiyo yatiwayo katika dawa nyingi za namna hiyo. Waganga wameitumia kwa kikohozi, kichwa na maumivu ya viungo. Lakini mizizi hiyohiyo, ikinywewa kupita kiasi, huua.

Neno dawa halitenganishi mambo haya: twasema dawa ya homa, na dawa ya panya. Kitenganishacho ni kipimo, nacho hukaa kichwani mwa mganga.

Zamani za Waingereza, mapori mengi ya Shinyanga yalifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofufua ngitili, yaani malisho yaliyotengwa. Kutoka hekta zilizokadiriwa kuwa 600 zikapita 300,000. Visiki vilichipua, na miti ya dawa ikarudi.

Maarifa, hata hivyo, hayachipui kisikini. Kamusi isemayo tu, "nengonengo: mti wa dawa," yamwachia msomaji wa Tinde nusu ya habari, nayo ndiyo nusu ya hatari. Yatupasa tuandikapo jina tuandike na onyo lake, maadamu wenye kujua wangalipo.