Gurudumu Halioni Njia

Tangu kale binadamu amependa kujua mambo mawili juu ya safari yake: amekwenda umbali gani, na anakwenda mbio kiasi gani. Siku hizi dereva wa lori hupata majibu yote mawili kwa kutupa jicho mbele yake, palipo na saa ya mwendo iitwayo spidomita. Kwa kuwa majibu huja upesi hivyo, ni rahisi kudhani kwamba chombo hicho huipima barabara yenyewe. Sivyo, msomaji. Spidomita haijui barabara. Ijualo ni hesabu ya mizunguko ya gurudumu tu. Historia yake itatuonyesha faida ya hesabu hiyo, na hatari yake pia.

Katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, mhandisi wa Kirumi aitwaye Vitruvius alieleza gari la kupimia njia. Mzunguko mmoja wa gurudumu lake ulimaliza futi 12 na nusu za Kirumi. Mizunguko 400 ilitimiza futi 5,000, yaani maili moja ya Warumi; na hapo magurudumu yenye meno yaliachia kokoto moja ianguke ndani ya chombo cha shaba. Mwisho wa safari, msafiri alihesabu kokoto akajua maili alizokwenda. Wachina nao walikuwa na gari la namna hiyo, ambalo sanamu ya mti ilipiga ngoma kila li moja ilipotimia, li kikiwa kipimo chao cha njia.

Mwaka 1847, msafara wa Wamormoni ulikuwa ukivuka nyika za Marekani kuelekea magharibi. Mmoja wao, William Clayton, alipewa kazi ya kuandika mwendo wa kila siku, lakini hakuridhika na makadirio ya macho. Akapima mzingo wa gurudumu la gari moja, akaona ni futi 14 na inchi 8. Mizunguko 360 ya gurudumu hilo ni maili moja kamili. Tarehe 8 Mei alilifuata gurudumu hilo mchana kutwa, akihesabu mizunguko 4,070, yaani maili 11 na zaidi kidogo. Baada ya siku chache wenzake, Orson Pratt na Appleton Harmon, walitengeneza chombo cha mti cha kumpunguzia taabu hiyo. Mwaka 1848 Clayton alichapisha kitabu cha kuongoza wasafiri wengine katika njia ile.

Lakini fikiri: kama Clayton angalikosea mzingo wa gurudumu kwa inchi moja tu, kosa hilo lingalijirudia katika kila mzunguko. Katika safari ya maili 1,000 angalipotea kwa zaidi ya maili 5 na nusu, ijapokuwa hesabu yake haikuruka hata mzunguko mmoja. Haba na haba hujaza kibaba, hata kibaba cha makosa.

Magari ya mota yalipokuja, ilibidi kupima mbio pia. Mwaka 1902 Otto Schulze, wa mji wa Strasbourg uliokuwa chini ya Ujerumani wakati huo, alipata hataza ya spidomita ya sumaku. Waya mzito unaozungushwa na mwendo wa gari huzungusha sumaku karibu na kikombe cha madini bila kukigusa. Sumaku hukivuta kikombe, springi hukizuia, na mshale uliofungwa juu yake huonyesha mwendo. Magari ya leo hutumia umeme mahali pa waya huo, lakini msingi haukubadilika: mizunguko huhesabiwa, kisha huzidishwa kwa mzingo wa tairi uliokubaliwa kiwandani.

Sasa tulitazame lori. Tuseme lilitengenezewa tairi lenye kipenyo cha sentimita 100. Mzingo wake ni mita 3.14, nalo huzunguka takriban mara 318 kwa kilomita moja. Mwenye lori akifunga matairi ya sentimita 107, mizunguko ile 318 itakwenda karibu mita 1,070. Mshale utakapoonyesha kilomita 80 kwa saa, lori litakuwa likienda karibu 86. Na kwa kuwa nguvu ya mgongano huongezeka kwa mraba wa mwendo, nguvu ambayo breki hazina budi kuizima itakuwa imezidi kwa asilimia 14 hivi. Dereva ataapa kwamba hakuvunja sheria, naye hatakuwa mwongo. Lakini mtoto anayevuka barabara hataokolewa na kiapo hicho. Hata kidhibiti mwendo kikihesabu mizunguko ile ile, kitadanganyika pamoja na dereva.

Kosa laweza kuwa la upande wa pili pia. Tairi likichakaa milimita 15, kipenyo hupungua sentimita 3, na gurudumu huzunguka zaidi kwa njia ile ile. Safari ya kilomita 100 itaandikwa kuwa 103. Kama mzigo unalipiwa kwa kilomita, mwenye mzigo atalipia kilomita 3 ambazo hakuna aliyezisafiri.

Unaweza kulithibitisha jambo hili wewe mwenyewe. Chukua baiskeli, tia alama ya chaki ubavuni mwa tairi, uisukume mpaka alama ikamilishe mzunguko mmoja, kisha upime chini umbali uliokwenda. Rudia kwa baiskeli yenye magurudumu madogo. Mizunguko ni mmoja na mmoja, lakini njia si sawa.

Basi, msomaji, ukionyeshwa tarakimu na chombo chochote, usiridhike kuwa kimehesabu vizuri. Uliza pia kilitengenezwa kwa kipimo gani, na kama kipimo hicho bado ni kile kile. Na yeyote abadilishaye matairi ya lori lake, na airekebishe spidomita siku hiyo hiyo, kabla hajaingia njiani.